Wavivu wa Chupani

Mwali anapotolewa ndani, wanawake wa Calabar huwa hawaji kusherehekea. Huja kupima. Macho yao huanzia shingoni, yakahesabu mikunjo, yakateremka mikononi, yakazunguka kiunoni polepole kama ya fundi cherehani, yakaishia kwenye vifundo vya miguu, ambavyo kwa mwali aliyetunzwa sawasawa havitakiwi kuonekana kabisa. Wakishamaliza ndipo hutoa hukumu, na hukumu hiyo haimwendei mwali. Humwendea kungwi aliyemnenepesha.

Mma Atim Efanga alikuwa kungwi tangu enzi ambazo wapimaji wenyewe walikuwa bado mabinti wa kupita mikononi mwake. Chumba chake cha nyuma kilikuwa na kitanda kipana, dirisha dogo, na harufu ya mawese ya miaka yote iliyopita. Binti aliingia humo ufito, akatoka pipa. Yupo mmoja, watu wanaapa, ambaye siku ya ndoa yake aliketi kwenye ncha moja ya benchi la kanisa, na wazee watatu waliokuwa ncha ya pili wakapaa hewani na vitabu vyao vya nyimbo, wakaning'inia huko mpaka mahubiri yakaisha. Mma Atim hakuwahi kukanusha habari hiyo. Alichosahihisha ni kwamba wazee walikuwa wanne.

Hizo zilikuwa enzi. Mabinti wa sasa wanakuja na likizo fupi za ofisini, na simu mkononi, na tumbo lililofundishwa kukataa. Mwali wa mwisho wa Mma Atim alipotoka ndani, uwanja mzima ulinyamaza. Katika ule ukimya sauti moja ikauliza, kwa upole kabisa, "Huyu ametoka ndani au ametoka wodini?"

Watu walicheka mpaka wapiga ngoma wakaacha ngoma. Mwenye sauti ile alikuwa Mma Affiong Ndem, kungwi wa mtaa wa chini. Mabinti wa Mma Affiong walikuwa wanatoka wamejaa na kung'aa hata kama waliingia mwezi uliopita tu. Mmoja wao alikwama mlangoni mwa kanisa. Ndoa ilifungwa akiwa nusu ndani nusu nje, bwana harusi anamvuta mkono, mama mkwe anasukuma kwa nyuma, mchungaji anasoma harakaharaka kabla fremu haijapasuka. Tangu siku hiyo, mama yeyote mwenye binti wa kuposwa alikuwa anapita mbele ya nyumba ya Mma Atim bila kugeuza shingo, akiteremka kwenda kwa Affiong.

Kwa hiyo Mayen alipoposwa, Mma Atim alipigana kama simba. Mayen alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake. Upande wa mwanamume walikuwa wameshamtaja Affiong, tena kwa heshima.

"Mkimpeleka damu ya kaka yangu kwa Affiong," Mma Atim alimwambia mama wa binti, "mnichimbie kaburi asubuhi yake. Nikanyagwe nikiwa tayari chini."

Mama Mayen alikuwa mwanamke wa kukubali. Alikubali.

Binti akaja kutoka Lagos na sanduku moja na viatu vya kukimbilia. Mma Atim alivitazama vile viatu, akamtazama mwenyewe, akavuta pumzi. Msichana alikuwa amekauka kama fimbo ya mwalimu.

"Lagos hakuna chakula?"

"Kipo, Shangazi. Ninakikimbia." Mayen akacheka. Alikuwa na kicheko cha baba yake, cha kutupa kichwa nyuma. "Nimekubali kukaa ndani kwa ajili ya marehemu baba tu. Lakini nikitoka nataka nguo zangu zinienee."

"Nguo zako? Hizo tutampa mwanasesere."

Akaingizwa ndani. Walikuwa na karibu miezi miwili, muda mzuri kwa siku hizi. Mma Atim akapika kama mtu anayelipa kisasi. Supu nyeupe ya mbuzi na viazi vikuu, magimbi ya kukunwa yaliyofungwa kwenye majani, ndizi za kuponda zinazoelea mawese, na gari, ule unga wa muhogo wa kukaangwa, usiku na alfajiri. Kila siku alimkanda kwa mafuta na kumpaka chokaa nyeupe, akamfundisha kuketi, kunyamaza, kula hali ameshiba. Binti alikula. Alitania, alilalamika, lakini alikula. Chakula kikawa kinaingia na hakikai. Wiki zikapita, Mma Atim akabana mkono wa mpwa wake kwa kidole na gumba, na vidole vikakutana.

Asubuhi ile hakula yeye mwenyewe. Aliwaona wapimaji wamejipanga. Alimsikia Affiong akisafisha koo.

Akavaa gauni lake refu la heshima, akaenda sokoni kwa Effiom.

Effiom alijiita daktari kwa kuwa alikuwa na koti jeupe na kipaza sauti. Duka lake lilikuwa na virutubisho vya kila hitaji la mwanadamu: vya kukuza nywele, vya kukuza akili, vya kukuza waume. Alipomwona Mma Atim akazima kipaza sauti kwa adabu.

"Mma! Leo jua limetoka upande gani?"

"Acha maneno, Effiom. Nina mwali asiyeshika chakula."

Effiom akatoa chupa ya vidonge vya maganda, nusu kijani nusu njano. Mma Atim akavaa miwani, akasoma lebo kwa sauti, kwani alikuwa amesoma kwa wamisheni na hakutaka mtu asahau. Juu palikuwa na viungo vinavyofanya kazi: unga wa mlonge, uwatu, zinki. Chini yake palikuwa na viungo visivyofanya kazi, na hivyo vilijaza upande mzima wa chupa: wanga wa mahindi, jelatini, ulanga, rangi ya kijani, rangi ya njano, na vingine vyenye majina ya kizungu marefu kama treni.

Akaishusha miwani.

"Hebu ngoja. Hawa wa chini hawafanyi kazi?"

"Hapana, Mma. Ndivyo sheria inavyotaka tuandike."

"Na ndio wengi?"

"Ndio wengi."

"Sasa wamo humu wanafanya nini?"

Effiom akaeleza kwamba wanga unajaza kidonge kiwe na ukubwa wa kushikika, jelatini ndiyo ganda, ulanga unafanya unga usigande kwenye mashine. Mma Atim alimsikiliza kama anavyosikilizwa mtoto aliyevunja sahani.

"Effiom, mwanangu. Nikiajiri vibarua kumi wanilimie shamba, watatu wakalima, saba wakalala chini ya mti, nitawaita hao saba nini?"

"Wavivu, Mma."

"Na wewe unataka nikamlishe mtoto wa kaka yangu wavivu? Mimi sina mashine nyumbani, nina sufuria. Niondolee hao. Nipe wafanyakazi watupu."

Effiom alianza kucheka, halafu akaacha. Aliangalia mlangoni, akavuta pazia. Akachutama chini ya kaunta na kupapasa nyuma ya maboksi, akatoka na kopo la bati lisilo na lebo yoyote. Ndani mlikuwa na unga mweupe, laini kama vumbi la chaki.

"Sasa, Mma, tuongee kama watu wazima," alisema kwa sauti ya chini. "Hao mlonge na uwatu nao ni wavivu. Anayefanya kazi kwenye chupa zangu ni huyu hapa, na jina lake halimo kwenye lebo, wala hutalisikia kwangu. Namtia chembe tu, wanga unambeba. Bila wanga, huyu ni moto. Ncha ya kisu, Mma. Ncha! Siku moja nzima, ncha ya kisu. Na usije ukamkatisha ghafla, unampunguza taratibu, hivi, mpaka mwili uzoee."

"Unanifundisha mimi kutia kiungo kwenye sufuria?"

"Sikufundishi, nakuomba. Hii si gari ya kumwaga kwa kiganja."

"Mkono wangu ulianza kupima kabla mama yako hajaota matiti."

Na kweli, kungwi wa Calabar hapimi kwa chombo. Anayepima kwa kijiko anachekwa, maana yake hana mkono. Chumvi, pilipili, kamba wakavu, vyote vinapita kiganjani, na kiganja ndicho kinachojua. Mma Atim alilipa, akachukua kopo. Effiom akamsukumia na ile chupa ya vidonge, bure.

"Ya nini tena?"

"Ya kuonyesha, Mma. Mtu akiuliza, onyesha chupa."

Jioni ile Mma Atim alilamba unga kidogo kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa mchungu. Kitu kichungu hufichwa kwa mawese na kamba wa kusaga, akavizidisha vyote viwili. Kisha, kwa kuwa supu ilikuwa nyingi, na kwa kuwa mkono wake ulimwambia kwamba sufuria kubwa kama ile inataka haki yake, akatia kiganja.

Lazima isemwe kwamba ilifanya kazi.

Ilifanya kazi kama jeshi. Mayen alianza kuomba chakula kabla hakijaiva. Alikula, akalala, akaamka kwa ajili ya kula. Mashavu yakajaa, yakasogea juu, yakayasukuma macho. Shingo ikapata mkunjo wake wa kwanza na Mma Atim akaushika kwa vidole kama mtu aliyeokota dhahabu njiani. Kila asubuhi aliingia chumbani akiimba. Alipomkanda, nyama ilijaa viganjani mwake, nyororo, na kila alipobonyeza, alama ya kidole ilibaki shimo kwa muda mrefu. Hilo la shimo aliliona. Akalipaka chokaa.

"Shangazi, nina kiu. Kiu isiyoisha."

"Kunywa. Mwali aliyelowa ndiye anayeng'aa."

"Moyo unapiga kama mtu anayegonga mlango."

"Ni mumeo huyo, ana haraka."

Baadaye mistari ya zambarau ikapasuka tumboni mwake, mirefu kama radi. Nywele laini zikamwota shavuni. Siku moja alijitazama kwenye kioo kidogo cha sanduku lake, akalia bila sauti. Sura iliyomtazama ilikuwa ya duara na ya mtu mwingine. Mma Atim akakichukua kile kioo. Kwa kuwa alikuwa anapita na hapo, akachukua na simu.

"Nataka kumwona daktari, Shangazi."

"Mwali hatoki. Unataka mji useme nini?"

"Basi aje yeye."

"Na mwanamume haingii. Ulikubali mwenyewe, au heshima ya baba yako imeisha?"

Kumtaja baba kulimnyamazisha siku zote, na Mma Atim alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua njia ya sokoni. Lakini siku nyingine, akiwa amelala ubavu na sahani kifuani, binti alimkazia macho.

"Shangazi, unanitilia kitu kwenye chakula?"

"Ndiyo."

"Nini?"

"Mapenzi," alisema Mma Atim, na kumtilia kijiko kingine mdomoni. Alijiona amejibu vizuri sana. Jikoni alicheka peke yake.

Mama Mayen alipokuja kumwona binti alisimama mlangoni na mkono mdomoni. "Wifi, si amezidi?"

"Amezidi nini? Hebu rudi ukapike njugu za wageni."

Ikabaki siku chache. Mma Atim akakumbuka ngoma. Mwali akitoka lazima acheze, taratibu, mabega na mikono kama maji yanayotembea, na wapimaji hupima hiyo nayo. Mayen alikuwa hawezi hata kuketi bila kusinzia. Unga ndio uliokuwa unamlaza, hilo lilikuwa wazi, na nyama ilikuwa imekwisha patikana. Basi Mma Atim akafunga kopo na kulitupa juu ya kabati. Kumpunguzia taratibu, kama Effiom alivyoomba, kungechukua muda kuliko uliokuwepo, na wageni walikuwa wamekwisha alikwa.

Usingizi ukaondoka kweli. Ila nguvu nazo zikaondoka. Mayen akawa anatapika, anatetemeka, anasema miguu yake imekuwa ya mtu mwingine. "Woga wa bibi harusi," alisema Mma Atim, akamchana nywele juu na kuzichomeka vitana vya shaba.

Siku yenyewe uwanja ulifurika. Wanawake walikuwa wamekuja kutoka mitaa yote, maana fununu zilikuwa zimetangulia. Mlango wa chumba ulipofunguliwa, Mma Atim alitoka kwanza, akasogea pembeni, akaacha macho yale yaanze kazi.

Macho yalianzia shingoni na hayakuondoka hapo upesi. Yakashuka mikononi. Yakachukua muda mrefu kuzunguka kiuno. Yakafika vifundoni na hayakuvikuta. Bibi mmoja mzee akaketi chini kwenye vumbi akasema sasa anaweza kufa. Mwingine akasema mbuzi wake wawili wamekimbia wakidhani ni mlima unaokuja. Halafu vigelegele vikapasuka, na katika vigelegele hivyo Mma Affiong mwenyewe akatoka mbele, akamzunguka mwali, akambonyeza mkono. Alilitazama lile shimo la kidole kwa kitambo. Kisha akainua mikono juu, mbele ya watu wote.

"Atim," alisema, "nimenyoosha mikono."

Mma Atim alikuwa amelisubiri neno hilo kwa miaka. Lilimshuka mwilini kama maji ya moto yenye sukari. Hata hakumsikia Mayen alipomwita, kwa sauti ndogo, "Shangazi."

Ngoma ikaanza. Mayen aliinua mikono, akayumba, akapiga hatua, akaketi. Aliketi katikati ya uwanja kama gunia lililoshushwa, kisha akalala ubavu.

Watu wakashangilia maradufu. "Shibe hiyo!" walipiga kelele. "Mwili umemshinda mwenyewe! Mwacheni, mwali aliyetunzwa habebi uzito wake!" Wakamrushia noti. Wapiga ngoma wakaongeza mwendo. Msichana wa watu alikuwa chini, jasho baridi limeichora chokaa mifereji, macho yamepinduka juu, na mji wa Calabar ulikuwa unampigia makofi. Bwana harusi, Ansa, mwalimu mpole wa hesabu, ndiye aliyepiga magoti na kumshika shingoni, akapiga yowe ambalo kwa muda walilichukua nalo kuwa sehemu ya sherehe.

Hospitalini wanaume sita walimbeba. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira na usingizi usoni, na alipomwona mgonjwa usingizi ukamtoka. Akatoka nje ya chumba mara moja. Korido ilikuwa imejaa: mama wa binti, Ansa, jamaa, na nusu ya wapimaji, waliokuja na vilemba vyao vya sherehe. Mma Affiong alikuwa amepata nafasi kwenye benchi.

"Nani alikuwa anamhudumia?"

"Mimi," alisema Mma Atim.

"Alikuwa anatumia dawa gani?"

"Dawa? Chakula, daktari. Chakula cha nyumbani."

"Nisikilize, Mma. Uso ule, ile mistari tumboni, nimeiona kwa watu wanaopewa dawa fulani kali kwa muda mrefu. Dawa ile ikikatishwa ghafla mwili unazimika, hauna nguvu hata ya kusukuma damu. Kama ndivyo, nina sindano, na ataamka. Kama sivyo, kama ni ugonjwa umemwingia kwenye damu, sindano hiyohiyo itamwangusha. Siwezi kubahatisha. Nataka kujua amekula nini."

Mma Atim alisikia kila neno. Alifungua mdomo. Akaona vilemba vyote vya korido vimemgeukia, vinapima.

"Uso ule," alisema, "ndio kazi yangu. Uliza mji."

"Ndiyo," walisema wapimaji kutoka huku na huku. "Ana mkono huyo mama. Tangu zamani."

"Hakuna kitu kingine? Hata virutubisho?"

Hapo Mma Atim akatia mkono mfukoni na kutoa chupa. Daktari akaichukua harakaharaka, akaisoma chini ya taa, viungo vya juu na viungo vya chini. Mabega yake yakashuka.

"Mlonge. Zinki. Wanga." Akamrudishia. "Hizi hata mtoto akimeza chupa nzima, ataharisha tu. Una hakika hakuna kingine?"

"Nina hakika."

Daktari alirudi ndani, na alikuwa na haraka ya mtu asiyejua anakokwenda. Mma Atim akatafuta pa kuketi. Nafasi ilikuwa moja tu, kwenye benchi la Affiong. Wakakaa mabega yakigusana.

Kisha Mma Affiong akainama kama anayefunga kiatu.

"Alikupa ya kopo au ya chupa?"

Mma Atim alihisi sikio lake limepata baridi. "Nani?"

"Atim, mimi si daktari."

Korido ilikuwa na kelele za kutosha kuwaficha. Mama Mayen alikuwa anaomba kwa sauti, Ansa ameegemeza paji lake ukutani.

"Ya kopo," Mma Atim alisema.

"Bila wanga?"

"Bila wanga."

"Mungu wangu. Na ulimkatisha?"

"Ilibidi acheze."

Mma Affiong akanyoosha gauni lake juu ya magoti. "Mimi siku zote nawashusha wiki tatu nzima," alisema, kwa sauti ya mpishi anayemsahihisha mpishi. "Na chupa tu. Kopo simgusii mtu."

"Basi nenda kamwambie daktari."

"Mimi? Nikamwambie nini?"

"Kwamba umeshawahi kusikia. Kwamba iko dawa kama hiyo sokoni. Wewe huna hasara, mwali si wako."

"Ataniuliza nimejuaje." Mma Affiong aliashiria vilemba kwa kidevu. "Mbele ya hawa. Nenda wewe, ni mtoto wa kaka yako."

"Nitakwenda. Wewe toka kwanza, kanunue maji. Ondoka na hawa wenzako."

"Nikiondoka utasema ni mimi niliyekuelekeza kwa Effiom."

"Sitasema."

"Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungeondoka?"

Mma Atim alijua asingeondoka. Akasimama. Affiong naye akasimama. Mma Atim akapiga hatua kuelekea mlango wa daktari, na nyuma yake akasikia nyayo za Affiong, na nyuma ya Affiong vilemba viwili vitatu vikanyanyuka kuona kuna nini. Akasimama mbele ya mlango. Kupitia kioo cha mlango aliuona mguu wa Mayen ukining'inia nje ya kitanda kilichomwia kidogo, mguu mnene usio na kifundo, mzuri, kazi bora kuliko zote alizowahi kuzifanya.

Akageuka, akarudi kwenye benchi. Affiong naye akarudi.

Mama Mayen akaja kupiga magoti mbele yake. "Wifi, kama kuna neno, sema. Hata liwe dogo. Sitakasirika, naapa kwa baba yake. Sema tu."

"Neno gani?" alisema Mma Atim. "Mtoto amekula vizuri. Amekula kwa mapenzi." Na akamshika kichwa wifi yake, akamkumbatia, akalia naye, machozi ya kweli kabisa.

Vilemba vikaanza kuondoka, kimoja kimoja, maana kukaa korido kunachosha na pilau ya sherehe ilikuwa bado haijaguswa. Korido ikawa karibu tupu. Mma Affiong akapiga miayo, akasimama, akasema anakwenda kununua maji, na kweli akaenda. Sasa hapakuwa na mtu wa kusikia. Mma Atim akainuka upesi kuliko umri wake, akafika mlangoni, akagonga, na mlango ukafunguliwa na daktari aliyekuwa anatoka, amevua glavu.

"Daktari, kuna kitu nimekumbuka."

"Kaa kwanza, Mma," alisema daktari, na akampita kwenda kwa mama wa binti.

Yowe la Mama Mayen lilisikika mpaka getini. Mma Atim alibaki amesimama katikati ya korido, na kile alichokikumbuka kikiwa bado mdomoni, hakina tena pa kwenda. Wauguzi walimpita. Mtu akamsogeza ukutani.

Hapo ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya wagonjwa wa nje alipomkaribia, ameinama kwa heshima, amemshika mkono msichana mrefu mwembamba aliyetaka ardhi immeze.

"Samahani sana, Mma, najua si wakati wake. Ndiwe uliyemtunza yule binti waliyempitisha hapa?"

"Ndimi."

"Nilimwona akiingizwa. Sijawahi kuona mwali kama yule maishani mwangu. Mungu amrehemu. Huyu wangu anaolewa Krismasi, na mwangalie, anatutia aibu. Sisemi awe vile. Hata nusu yake tu."

Affiong alikuwa anarudi kwa mbali na chupa za maji. Alimwona yule mama, akamwona na msichana, akaongeza mwendo.

Mma Atim aliufuta uso wake kwa ukingo wa kilemba. Kisha kidole chake na gumba lake vikaubana mkono wa msichana juu ya kiwiko, vikakutana.

"Mlete Jumatatu," alisema. "Mapema, kabla watu hawajaamka."